Mizani ya Mteremko

Neno mizani lina maana mbili kwetu sisi watu wa pwani, na aghalabu hatujishughulishi kuzitenganisha. Mchuuzi wa karafuu akilitaja hukusudia chombo cha kupimia gunia. Mshairi akilitaja hukusudia hesabu ya silabi za mshororo. Shairi letu la tarbia lililozoeleka huwa na mizani 16 katika kila mshororo, 8 upande wa ukwapi na 8 upande wa utao, na msikilizaji aliyekomaa hahitaji kuhesabu kwa vidole. Silabi moja ikizidi humgutua, mfano wa mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga kidato asichokitarajia.

Nimekuwa na maana hizi mbili tangu nilipokuwa skuli, kila moja ikikaa pahala pake. Zilikuja kukutana mbele ya macho yangu mwezi wa Septemba mwaka 2022, tena mbali na karafuu na mbali na baraza za washairi: katika kituo cha malori nje ya mji wa Denver, jimbo la Colorado, Marekani, pale ami yangu alipopandisha pikapu na trela lake juu ya bamba za chuma ili ajue nyumba yake ina uzito gani.

Niieleze kwanza nyumba hiyo, kwani wasomaji wengi wa visiwani huenda hawajaiona. Trela la safari, kama linavyotumika huko, ni chumba kilichopandishwa juu ya magurudumu. Ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, meza, makabati, choo na tangi la maji, na vyote vimebanwa kwa hesabu kama vitu vya ndani ya jahazi. Halina injini. Mbele lina mkono wa chuma wenye umbo la pembetatu, na ncha ya mkono huo hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya pikapu. Tufe hilo ni dogo kuliko ngumi ya mtu mzima. Hilo na minyororo miwili ya tahadhari ndivyo vinavyomuunganisha mtu na nyumba yake inayomfuata barabarani.

Wamarekani wana mapenzi makubwa na nyumba hizi. Wally Byam, muasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo baina ya mwaka 1959 na 1960, ukapita Kenya na kuvuka milima ya Ethiopia. Kwa hiyo nyumba za magurudumu zilikwisha kuijua milima ya bara letu zamani. Lakini wale walikuwa watu wa matembezi, na mwisho wa matembezi wana kwao pa kurudi. Ami yangu hakuwa akitembea. Alikuwa akihama.

Ami ni mdogo wa baba yangu. Aliondoka Pemba kijana, akapita nchi moja hadi nyingine mpaka akatua Denver, na huko akafanya kazi ya umakanika kwa zaidi ya miaka 30, akaoa mwanamke wa kwetu, wakazaa na kulea. Mkewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2021. Binti yao ameolewa Grand Junction, mji ulioko upande wa pili wa milima, mwendo wa kilomita 390 hivi kuelekea magharibi, naye akamwita babake akakae karibu naye. Mzee alikataa miezi kadhaa. Hatimaye alikubali kwa sharti moja: kwamba hatokaa katika chumba cha mtu, hata kama mtu huyo ni mwanawe. Atakwenda na chumba chake mwenyewe, akiegeshe uani. Mimi nilikuwa nimekwenda kumzuru, na kwa kuwa nilikuwepo nikawa ndiye baharia wake.

Upakiaji ulichukua siku tatu. Ami alipakia kama apakiavyo mtu anayehama kisiwa: magunia mawili ya mchele, kinu na mchi wake, mbuzi ya nazi, cherehani ya marehemu pamoja na meza yake ya chuma, mazulia, masufuria ya kupikia pilau ya shughuli, na sanduku kubwa la mbao lililojaa kanga za marehemu, vitabu na kaseti za taarabu. Sanduku hilo lilikaa nyuma kabisa, chini ya dirisha, kwa sababu ndipo lilipoenea. Tangi la maji, nalo liko nyuma, likajazwa lita 150. Kwa macho kila kitu kilikuwa kimetulia vizuri. Lakini ami ni fundi, na fundi haamini macho. Akasema twende tukapime.

Mizani ya malori haimpimi mtu kwa jumla tu. Bamba zake ziko mbalimbali, na kila moja husoma uzito wa magurudumu yaliyosimama juu yake. Kwanza alipima pikapu na trela kwa pamoja, na kwa hesabu ya kilo ikawa 6,400. Kisha akalifungua trela akapima pikapu peke yake, sisi wawili tumo ndani: 3,000. Trela basi lilikuwa na kilo 3,400, ilhali kibati kilichopigiliwa ubavuni mwake kilisema lisizidi 3,175. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilimkera zaidi. Trela lilipokuwa limefungwa, magurudumu ya pikapu yalibeba kilo 3,240. Maana yake, mkono wa trela ulikuwa ukiilemea pikapu kwa kilo 240 tu, nazo ni asilimia 7 ya uzito wa trela. Kanuni ya wavutaji trela ni asilimia 10 hadi 15.

Nilimuuliza kwa nini wepesi wa mbele uhesabiwe kuwa aibu. Hakunijibu kwa lugha ya makanika, bali kwa lugha ya baba yake, babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi baina ya Wete na Tanga.

“Chombo kikilemewa tezi, omo ikawa nyepesi, upepo hukifanya nini?”

“Huichezea omo, ami.”

“Basi na hiki ni chombo, mwanangu. Farumi si wingi wa mawe. Farumi ni pahala yalipowekwa.”

Baadaye nilielewa sababu yake. Trela lililo zito nyuma ya ekseli zake huwa linatafuta sababu ya kutikisa mkia. Upepo wa ubavuni ukilipiga, au lori kubwa likalipita na kulisukuma kwa mkondo wa hewa, mkia huenda kushoto, ukarudi kulia, ukarudi kushoto, na kila mara huwa mpana zaidi, mpaka trela huishika pikapu kwa nyuma na kuitoa njiani. Katika mteremko mambo huzidi, kwani hapo trela halivutwi tena, linasukuma.

Tukarudi nyumbani kupakua. Maji yalimwagwa bila ya kigugumizi, na kilo 150 zikaondoka pamoja nayo. Zilizobaki ndizo zilizokuwa na maneno. Mchele ulikwenda kwa majirani. Masufuria na mazulia yalichukuliwa na jamaa wa msikitini. Cherehani alipewa msichana wa nyumba ya pili, ambaye marehemu alikuwa akimfunza kushona. Ami aliibeba mwenyewe hadi mlangoni kwao, akakataa kusaidiwa. Kinu kilikaa barazani tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kilikuwa kimetoka Pemba, kikapita bandari mbili na kontena moja, na ndani yake mlikuwa bado na harufu ya bizari. Usiku ulipoingia akampigia simu swahibu yake mmoja Mngazija akaja akakichukua, kwa ahadi ya maneno kwamba ni amana.

Likabaki sanduku. Nilithubutu kumwambia kwamba sanduku lile peke yake lingetupunguzia wasiwasi mwingi. Alinyamaza kitambo, akijifuta mikono kwa kitambaa cha karakana.

“Sanduku halibaki,” alisema. “Sanduku linahama pahala.”

Tukalitoa nyuma, tukalileta katikati ya sakafu, juu ya ekseli hasa, tukalifunga kwa mikanda minne. Lilikaa katika njia ya kupitia. Mtu akitaka kufika kitandani ilimbidi alikwee. Asubuhi tulirudi mizanini: trela kilo 3,080, na mbele likilemea kilo 370, nazo ni asilimia 12. Ami alikikunja kile kikaratasi cha mizani akakitia mfukoni mwa kanzu, pale anapotia barua za muhimu.

Nimezungumza na watu wengi kuhusu kuhama, nao aghalabu hugawanyika pande mbili: wanaosema beba kila kitu, na wanaosema achilia yaliyopita. Sijapata kumsikia mtu akisema kama alivyofanya ami kwa mikono yake siku ile, kwamba kuna vitu vya kuachwa na kuna vitu vya kuhamishwa pahala ndani ya safari hiyohiyo, na kwamba hayo hayajulikani kwa huruma wala kwa ukavu wa moyo. Hujulikana kwa kupima.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Ami alifunga vali ya mtungi wa gesi, akakagua upepo wa tairi moja baada ya moja, akaniambia nisimame nyuma nimtazamie taa. Mji wa Denver uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara kuu hupanda kuelekea handaki la Eisenhower, ambalo mdomo wake wa magharibi uko mita 3,401, na upandaji wote huo humalizika katika kilomita 95 hivi. Sisi wa Unguja na Pemba tuna vilima. Masingini, unaohesabika Unguja kuwa mrefu, haufiki hata mita 150. Aliyekwenda bara akapita Kitonga, katika njia ya Iringa, ndiye aliye na mfano wa karibu: ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori yakitambaa mfano wa jongoo.

Injini, kama binadamu, hula hewa, na juu kule hewa ni chache. Katika kimo cha handaki lile shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili ya lile la ufukweni kwetu. Injini ya kawaida hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Ya dizeli yenye feni ya kusukumia hewa, kama ya ami, hupoteza kidogo zaidi ya kidogo, lakini nayo huhema. Ami alishika mkono wa kulia kabisa wa barabara, akatulia katika kilomita 60 kwa saa, jicho moja njiani na jingine katika sindano ya joto la maji. Magari madogo yalitupita kwa makumi. Mengine yalipiga honi. Hakuyatazama. Mara tatu tuliona magari ya wenye haraka yamesimama pembeni, boneti juu, mvuke ukitoka.

Niseme kweli kwamba wakati ule mimi nilidhani huo ndio ugumu wenyewe. Mlima mrefu ukiwa mbele ya mtu na mzigo mzito nyuma yake, nini tena kitakachokuwa kigumu kuliko kupanda? Ami alicheka. Akanikumbusha methali ambayo sote tunaijua na wachache tunaisikiliza: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kupanda, alisema, kukikushinda kutakusimamisha, basi. Kushuka kukikushinda hakukusimamishi.

Handaki la Eisenhower limetobolewa chini ya mgongo wa bara la Amerika. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1973 na ya pili mwaka 1979, na urefu wake ni kilomita 2.7. Juu ya paa lake ndipo maji yanapogawana: mvua inayonyesha upande wa mashariki huelekea, mto baada ya mto, Mississippi na Ghuba ya Mexico, inayonyesha upande wa magharibi huelekea Bahari ya Pasifiki. Kwa mtu wa kisiwa, kupita chini ya pahala ambapo maji huchagua bahari yake ni jambo la kunyamazia, nasi tulinyamaza.

Lakini mikono ya ami haikuwa imetulia. Kabla hatujatoka kwenye mwanga alikwisha kupunguza mwendo na kuiteremsha gia. Nilimuuliza kwa nini mapema hivyo, ilhali barabara bado ilikuwa tambarare. Akanipa kanuni ambayo madereva wa milima hufundishana dunia nzima: mlima huteremkwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, na gia hiyo huchaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukishaanza kukimbia, mzigo ukishakukamata kwa nyuma, kuirudisha gia chini huwa ni kuomba, na huenda usijibiwe.

Kutoka mdomo wa handaki hadi mji wa Silverthorne ni kilomita 13 hivi, na katika kilomita hizo mtu hupoteza kimo cha mita 650. Pahala pengine mteremko hufikia asilimia 7. Nilipiga hesabu baadaye: tani 6 zikishushwa mita 650, nguvu inayotoka inatosha kuchemsha lita 100 za maji baridi na zaidi. Joto hilo lazima liende pahala. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi. Inayobaki, ama itamezwa na injini inayozuia kwa gia ndogo, ama itaingia katika breki. Na breki ni vipande vya chuma tu. Zikishiba joto huacha kushika, na mguu wa dereva hukuta kanyagio laini kama godoro.

Ndiyo maana ami hakuuweka mguu wake juu ya breki kama tufanyavyo wengi, kwa kuuegemeza njia nzima. Aliiacha injini ingurume. Mwendo ulipopanda kuliko alivyotaka, alikanyaga breki kwa nguvu mara moja, akaushusha mwendo kwa kilomita 15, akaachia kabisa, akazipa breki nafasi ya kupumua. Kisha tena. Nilikumbuka wavuta mikokoteni wa Mombasa wanapoteremka kwenda kwenye kivuko cha Likoni, jinsi mtu anavyotangulia mbele ya mzigo uliomzidi uzito mara nyingi, akaegemeza mwili nyuma, akaiinua mikono ya mkokoteni ili kipande cha mpira kilichofungwa nyuma kisugue ardhi. Yule naye haanzi kuuzuia mzigo katikati ya mteremko. Huuzuia tangu hatua ya kwanza, wakati bado unamtii.

Nilikumbuka na ushairi pia, na msomaji atanisamehe. Mtunzi huchagua kina chake katika mshororo wa kwanza, akiwa bado yuko juu na karatasi ni nyeupe. Akichagua kina kigumu kwa kujifakharisha, beti zinazofuata humsukuma kwa nyuma mpaka hujikuta akisema asilolikusudia ili mradi kina kipatikane. Sote tumesoma mashairi ya namna hiyo, yaliyokatika breki katika ubeti wa nne.

Upande wa kulia tuliona njia ya dharura, nayo ni kipande cha barabara kinachopanda kilima, kilichojazwa changarawe nyingi zisizoshindiliwa, ili lori lililokatika breki liingie humo na kuzama mpaka lisimame. Mbele yetu palikuwa na gari dogo linalovuta mashua, na moshi mwembamba ukitoka magurudumu yake ya mbele. Harufu yake ni ile ya Kitonga. Kisha likatupita lori refu, tupu, kwa kasi.

Nililisikia kabla sijaliona. Upepo wake ulitupiga ubavuni, pikapu ikavutwa kidogo kushoto, na kwenye kioo nikaliona trela letu limetoka upande: kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, ukuta wake mweupe ukija na kwenda kama mlango usiofungwa wakati wa kusi. Jambo ambalo mwili wa kila mtu humwamrisha wakati ule ni kukanyaga breki na kuupinda usukani. Ami hakufanya hata moja. Aliushika usukani umenyooka. Chini ya usukani kuna kisanduku kidogo chenye mkono wa kubana breki za umeme za trela peke yake, bila ya dereva kukanyaga kwa mguu. Akaubana taratibu kwa vidole viwili. Trela likajivuta nyuma, mkono wake wa chuma ukanyooka, likatikisika mara moja tena, kwa uchache, likatulia.

Hazikuzidi sekunde tano. Nilikuwa nimeushika mlango kwa mikono miwili. Ami alikuwa anatokwa na jasho juu ya mdomo, mzee wa miaka 74, na macho yake yalikuwa bado njiani.

“Sanduku limekaa pahala pake,” alisema.

Hatukulizungumza tena mpaka Silverthorne. Hapo alisimamisha gari, akazunguka akiusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Yote yalikuwa na uvuguvugu tu. Tukapika chai ndani ya trela, tumelikalia sanduku. Katika kimo kile maji huchemka yakifika karibu nyuzi 91, na chai haikolei kama inavyokolea nyumbani. Ami aliilalamikia chai ile kwa muda mrefu kuliko alivyoizungumzia hatari tuliyoipita.

Njia iliyobaki sina haja ya kuirefusha. Tulipanda tena hadi Vail Pass, mita 3,250, tukateremka kwa kanuni ileile. Tukapita korongo la Glenwood, ambalo barabara yake, iliyokamilika mwaka 1992, imening'inizwa juu ya mto Colorado, mto ambao siku hizi aghalabu hukauka kabla haujafika baharini. Jioni tuliingia Grand Junction. Binti alikuwa amesimama barabarani na wanawe. Trela likaegeshwa uani chini ya mti, likatiwa magogo kwenye magurudumu. Alipoingia ndani na kuliona sanduku la mamake katikati ya njia, limefungwa mikanda, alisimama. Kisha akamuomba babake liingie nyumbani kwake. Nilidhani mzee atakataa. Alizifungua zile lifti za mikanda moja moja, akasema tu kwamba ni zito, waite na jirani.

Siku ya nne nilirudi Denver kwa basi la abiria, na ndipo nilipokiona kibao ambacho tulipokuwa tukienda magharibi hatukuwa na nafasi ya kukiona. Kipo upande wa kuteremkia mashariki. Mtu amekwisha kuipita milima mirefu, njia imelainika, mji unakaribia, na moyo unamwambia kwamba shughuli imekwisha. Hapo ndipo serikali ya jimbo ilipoweka vibao vinavyowaambia madereva wa malori wasidanganyike, bado hawajafika chini, mteremko mkali na kona vingaliko mbele.

Vibao vile havikuwekwa kwa mzaha. Tarehe 25 Aprili 2019 lori lililopakia mbao liliteremka njia hiyohiyo breki zikiwa hazishiki, likaipita njia ya dharura bila ya kuingia, likavamia foleni ya magari katika mji wa Lakewood, mlangoni mwa Denver. Watu 4 walikufa. Dereva wake alikuwa kijana wa miaka 23. Mwezi wa Disemba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 110, na mwezi huohuo gavana akakipunguza hadi miaka 10. Watu wa huko walibishana sana kuhusu hesabu hizo mbili, ipi ni haki. Mimi nilipokipita kile kibao nilimfikiria kijana yule juu mlimani, kabla ya mteremko, katika zile dakika ambapo jambo lote lilikuwa bado linachagulika.

Tumezoea kuuita uzee kuwa ni kupumzika, kwamba mtu amekwisha kupanda na sasa ajiachie. Wazee wenyewe hawasemi hivyo. Ami alijua kwamba anateremka, na alijua anavuta nini. Kwa hiyo alipima mapema, akagawa alichokigawa, akakihamisha alichoshindwa kukiacha, akachagua gia yake wakati njia ingali tambarare. Hayo yote aliyafanya akiwa na huzuni ambayo ingemtosha mtu kuwa na udhuru wa kutoyafanya.

Tulizungumza kwa simu hivi karibuni. Analala katika trela lake na kula kwa binti yake, na wajukuu wamejifunza kufungua makabati yote. Lalamiko lake ni moja: bizari za mashine hazina harufu. Akaniulizia kinu. Nikamwambia kiko salama kwa yule swahibu yake, na kwamba kuna jamaa wanaokwenda huko mwezi ujao ambao wanaweza kukichukua. Akafikiri kidogo.

“Waambie wakiweke katikati,” akasema. “Wasikitupe nyuma.”